Alhamisi Ambayo Ragna Brekke Hakwenda

Mchungaji, ndugu, majirani, mawakili mliofanya kazi na marehemu na wote mliobaki na makoti yenu mwilini, kwa niaba ya familia ya Tostrud na familia ya Brekke nasimama kusoma historia ya mpendwa wetu, na kabla sijaanza naomba radhi kwa baridi, maana mlango mkubwa wa kanisa umeachwa wazi kwa makusudi, na kile kipaza sauti cha ibada za kiangazi kimewekwa nje ngazini kikielekea barabarani. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kuna mtu amekaa ndani ya gari la kijani, naye ana haki ya kusikia historia hii kuliko wengi wetu tuliomo humu, ila sheria haimruhusu kukanyaga uwanja huu kwa sababu chini ya sakafu yetu kuna shule ya chekechea, hata leo Jumamosi ambapo hakuna mtoto hata mmoja. Aliomba ruhusa siku ya Jumatatu, akajibiwa kwa maandishi kwamba maombi hushughulikiwa ndani ya siku kumi za kazi, na maiti haingoji siku kumi. Nitamtaja kwa jina, kwa idhini yake, nitakapofika mahali pake, na anayeona baridi imemzidi aruhusiwe kupiga miguu chini, lakini mlango hautafungwa.

Marehemu Ragna Elvira Tostrud Brekke alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 17 Mei 1955, hapa hapa Port Halvor, mtoto wa kwanza wa mzee Halvard Tostrud, mpakiaji wa madini ya chuma gatini, na mama Inga, na kwa kuwa tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa ya Wanorwe, na wote wa mji huu hupeperusha bendera, alikua mpaka miaka sita akiamini bendera zile zote ni za kwake. Alifuatiwa na mdogo wake mmoja tu, Solveig, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1959, ambaye ndiye anayewasomea, naye nitamtaja kwa jina lake kama ninavyowataja wengine, kwa sababu ni rahisi kumsema mtu vibaya akiwa na jina.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi ya Port Halvor mwaka 1961, akamaliza sekondari tarehe 1 Juni 1973, akapata shahada ya kwanza mwaka 1977 na shahada ya sheria mwaka 1981, zote katika vyuo vya kusini mwa jimbo hili, lakini sisi wa nyumbani tunajua kwamba uwakili aliuanza mwaka 1966, siku ambayo kifuniko cha birika la kahawa la mama kilikutwa kimepasuka, na mama akaamini ni kazi ya Solveig, na fimbo ikashuka kutoka juu ya kabati. Ragna alisimama katikati akauliza, "Mama, kimepasuka saa ngapi?" Mama akamwambia, "Wewe mtoto, umekuwa jaji?" Akajibu, "Hapana, naulizia saa tu." Ikathibitika kwamba saa hiyo Solveig alikuwa kwenye somo la kinanda kwa mke wa mchungaji, fimbo ikarudi juu ya kabati, na birika likatumika bila kifuniko hadi mama alipofariki. Tangu siku ile, jambo lolote lilipozuka nyumbani, kabla ya kuuliza nani, Ragna aliuliza lini.

Kuhusu kazi, aliajiriwa tarehe 14 Septemba 1981 katika ofisi ya mawakili wa umma ya kaunti, akawatetea walevi, wezi wa mashua na wanaume waliopigana baa kwa muda wa miaka kumi na saba, kisha mwaka 1998 akajiandikisha katika orodha ya mawakili ambao mahakama ya shirikisho huwapangia washtakiwa wasio na uwezo wa kulipa, na hapo ndipo zilipoanza kumfikia kesi ambazo wenzake walizikwepa, kesi za watu waliokutwa na picha za watoto waliofanyiwa unyama. Alitetea watu sitini na watatu wa namna hiyo mpaka alipostaafu. Sisemi kwamba hawakuwa na hatia, na yeye hakuwahi kusema hivyo, maana wengi wao walitenda waliyoshtakiwa na walistahili kufungwa, na watoto wale ni watoto kweli, wana majina, na waliokwisha kukua huandika barua kwa mahakama kueleza maisha yao yalivyokuwa baadaye, barua ambazo Ragna alizisoma kwa sauti mbele ya kila mteja wake, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na mteja aliyeziba masikio alisomewa tena. Alipoulizwa kwa nini basi anawatetea, alikuwa na jibu moja, "Kazi yangu ni kuhakikisha aliyeingia jela ndiye, na kwa kipimo chake."

Vipimo vyenyewe alivijua kama tunavyojua sala, akivichora kwa penseli nyuma ya bahasha mbele ya kila mteja mpya, kwamba aliyepokea picha hizo ni miaka mitano kwenda mbele mpaka ishirini, na jaji hata akiguswa vipi hawezi kushuka chini ya mitano, aliyezitengeneza ni kumi na mitano hadi thelathini, aliyekwisha kuhukumiwa zamani huongezewa, na baada ya jela kuna uangalizi wa miaka mingi, na kuna daftari la serikali ambalo yeyote mwenye simu anaweza kulisoma, lina sura ya mtu na anwani yake. Ragna alikuwa akisema kwamba kifungo kina mlango, lile daftari halina.

Naomba pia nieleze chumba, kwa sababu bila chumba hamtaelewa yaliyofuata. Ushahidi wa kesi hizi haunakiliwi wala hautoki katika ofisi ya wachunguzi, kwa sheria, na ni sheria nzuri, kwa hiyo wakili anayetaka kujua mteja wake anashtakiwa kwa nini hasa, huchukua miadi, huacha simu yake mlangoni, hukaa katika chumba kisicho na dirisha mbele ya kompyuta ya serikali, nyuma yake pakiwa na afisa, naye huangalia. Mawakili wengi hawaendi, husoma orodha iliyochapwa wakatia sahihi, na hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kuwalaumu. Ragna alikwenda, kila kesi, na hakutazama tu picha, alinakili kwa mkono tarehe na saa ya kila moja, maana orodha iliyochapwa haikuwa nazo, na kwa kufanya hivyo aliwahi kugundua mara nne kwamba mashtaka yalizidi yaliyotendwa. Siku za chumba alirudi nyumbani, akaoga hata kabla ya kuvua viatu vizuri, akaenda kukaa gerejini kwa mume wake, na mume wake akampa kazi ya kushika tochi.

Kuhusu ndoa, alifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 8 Septemba 1984 na Alden Brekke, dereva wa gari la kuondoa theluji la kaunti, mtu wa maneno machache na utani mkavu, aliyekuwa akiwaambia watu kwamba yeye na mke wake wanafanya kazi moja, kila mmoja anasukuma pembeni kitu ambacho wengine hawataki kukiona. Walijaliwa watoto wawili, Anders mwaka 1987 na Liv mwaka 1990, ambao wako hapa mstari wa mbele, na Alden alimtangulia kwa mshtuko wa moyo tarehe 19 Machi 2015, akiwa kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa na breki imekwisha kuvutwa, adabu yake hadi mwisho.

Maisha yao katika mji huu hayakuwa mepesi, na kwa kuwa tumezoea kuficha mambo kwenye historia hizi, leo nitayasema. Mayai yalitupwa kwenye baraza lao mara tatu, Liv aliachwa nje ya sherehe za siku za kuzaliwa za wenzake, duka la nyama lilijifanya halimwoni Ragna kwenye foleni, na Solveig, aliyekuwa muuguzi wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, alijifunza kuwaambia watu kwamba dada yake ni wakili wa mambo ya mirathi. Mwaka 2003 akina mama wa kanisa hili, ambao kila mwanzo wa Desemba hukusanyika jikoni hapo chini kusukuma mikate ya viazi, lefse zetu, kwa ajili ya karamu ya samaki, waliamua kwamba Ragna asije tena, na aliyetumwa kupeleka ujumbe ni Solveig.

"Dada, wenzetu wanasema hawatajisikia vizuri," Solveig alimwambia, akiwa hajavua hata glavu. "Wanasema ni mikono tu, vile vitu unavyoshika kule."

"Kule sishiki kitu, Solveig. Naangalia. Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimetumwa."

"Sikuuliza nani kakutuma."

Solveig akaenda zake, na kwa miaka tisa Ragna alikula mikate ya Krismasi iliyosukumwa na watu wengine, akaisifu kila mwaka bila kukosa, na mti wake wa kusukumia, aliorithi kwa bibi, ukabaki umening'inia jikoni kwake kama picha ya marehemu.

Sasa narudi kwenye kazi, maana kuna mahali nilipoparuka kwa makusudi. Katika wateja sitini na watatu, marehemu alikwenda kwenye chumba kwa ajili ya sitini na wawili. Yule mmoja ni Wendell Karvonen, aliyezaliwa hapa mjini tarehe 11 Agosti 1974, baharia wa meli za madini, ndiye aliyeko ndani ya gari la kijani.

Wendell alikamatwa tarehe 24 Aprili 2012, baada ya kompyuta ya nyumbani kwake kukutwa na picha arobaini na moja, na hati ya mashtaka ilisema alizipokea kati ya Agosti 2011 na Aprili 2012, bila kutaja siku. Alikaa mbele ya Ragna, mtu mkubwa anayeogopa kuvunja kiti, akamwambia, "Bi Brekke, mimi si mtu wa hayo. Na muda mwingi huo nilikuwa majini."

"Muda wote?"

"Si wote. Januari mpaka Machi meli zinafungwa na barafu, nilikuwa nyumbani."

"Basi hapo ndipo watakapokushikia, Wendell."

"Ghorofani nilikuwa na mpangaji. Alihama Januari."

"Kila anayekaa kwenye kiti hicho ana mpangaji," alisema Ragna, na katika maneno yote aliyoyasema maishani mwake, hilo ndilo alilolirudia kwa Solveig mara nyingi zaidi, akilitamka polepole, kama mtu anayejichuna ngozi. Akachora bahasha yake. Mwendesha mashtaka alikuwa tayari kupokea kukiri kwa miaka mitano, mradi Wendell atie sahihi kufikia tarehe 11 Januari 2013 na aachilie haki ya kukata rufaa, na kama angetaka kusikilizwa mbele ya raia kumi na wawili wa kuamua kesi na akashindwa, ingeweza kufika ishirini. Wendell aliitazama ile bahasha, akauliza kitu kimoja tu, kwamba mama yake ana miaka sabini na tisa, akifungwa mitano je, atamkuta. Ragna alimwambia kwamba kwa mitano atamkuta, kwa ishirini hapana. Hata hivyo hakumsainisha siku ile, kwa sababu alikuwa bado hajaangalia, na miadi ya chumba aliyopewa ilikuwa siku ya Alhamisi, tarehe 6 Desemba, saa nne asubuhi.

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Desemba 2012, Ragna alipigiwa simu nyumbani. Mama Inga alikuwa na miaka themanini na minne, moyo wake umechoka, na alikuwa ameomba jambo moja, awaone binti zake wawili kwenye ubao mmoja wa mikate kabla hajafa, na akina mama wa kanisa, kwa heshima yake, walikubali. Aliambiwa, "Njoo Alhamisi saa tatu. Ila uje mzima, usije ukiwa umetoka kule."

"Alhamisi nina miadi kule."

"Basi chagua."

Ragna akasema, "Nitakuja."

Aliwapigia wachunguzi aahirishe, akaambiwa nafasi iliyo wazi ni tarehe 17 Januari, siku sita baada ya muda wa makubaliano kwisha, akasema haidhuru, atasoma orodha. Alhamisi alifika kanisani saa tatu kasoro, mti wa bibi chini ya kwapa, aproni imepigwa pasi, na waliokuwepo watakumbuka siku ile, maana ilikuwa siku nzuri, nasema hivyo na inaniuma kwamba ilikuwa nzuri. Mama aliketi kwenye kiti cha magurudumu akikosoa unene wa kila mkate, Ragna alisukuma na Solveig akageuza juu ya bamba la moto kwa fimbo bapa, unga ukawafika kwenye nyusi, wakacheka mpaka mama akawatisha kwa fimbo ya kugeuzia, na mpaka saa tisa walikuwa wamemaliza mikate mia mbili na arobaini. Mama alifariki siku kumi na nane baadaye, tarehe 24 Desemba, akiwa ameridhika.

Tarehe 11 Januari 2013 Wendell Karvonen alikiri kosa, na tarehe 3 Mei 2013 akahukumiwa miaka mitano jela, uangalizi wa miaka kumi na mitano na kuandikwa katika daftari. Mama yake alifariki tarehe 22 Februari 2016, na Wendell hakuruhusiwa kumzika. Alitoka mwezi Agosti 2017, akakuta kampuni za meli hazimtaki, nyumba za kupanga mjini hazimtaki, akapata kibanda cha magurudumu maili ishirini kutoka hapa na kazi ya kuosha malori, na sura yake mmeiona kwenye simu zenu, msiniambie hamkuiona.

Mwezi Septemba 2019 chama cha mabaharia kilimtumia kumbukumbu zake za utumishi ili apigiwe hesabu ya pensheni, orodha ya kila safari, siku ya kupanda na siku ya kushuka, naye akampelekea Ragna, si kwa kumshtaki, alitaka tu kusaidiwa kujaza fomu. Ragna aliisoma mezani kwake, akafika safari za Novemba 2011, akakumbuka kwamba siku za zile picha hakuwahi kuziangalia. Tarehe 9 Oktoba 2019, baada ya miaka sita na miezi kumi, alikwenda kwenye chumba. Picha zote arobaini na moja ziliingia kati ya tarehe 12 na tarehe 19 Novemba 2011, usiku na mchana, na Wendell alipanda meli tarehe 10 na kushuka tarehe 23, na siku zote za kati alikuwa melini, katikati ya ziwa, na manahodha wawili walikuwa tayari kuapa. Yule mpangaji alikwisha kufa mwaka 2016 katika jimbo jingine, huko nako akiwa anachunguzwa.

Kutoka kule Ragna hakwenda nyumbani. Alikuja jikoni kwa Solveig, akasimama na koti lake.

"Ilinichukua muda gani, unajua?" aliuliza.

"Nini?"

"Kuangalia. Masaa mawili. Ile Alhamisi ningekuwa nimemaliza saa sita mchana. Ningekuja nikakuta mmebakiza nusu ya unga."

Solveig alimwambia akae, akakataa. Tangu siku hiyo hakuonja tena mkate wa viazi, ukiletwa mezani aliusogeza taratibu kwa mwenzake, na wageni wakadhani ni sukari.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye aliinama kuyazoa. Aliandika hati ya kiapo dhidi yake mwenyewe, kurasa kumi na moja, akajipeleka kwenye bodi ya mawakili, akapewa karipio la wazi, akarudisha leseni tarehe 31 Desemba 2019, na mwenzake mmoja alipomwonya kwamba atamaliza jina lake, alijibu, "Jina langu halimo kwenye daftari." Ombi la Wendell lilipelekwa mahakamani mwaka 2020 na wakili kijana aliyefanya kazi bila malipo, na tarehe 14 Juni 2021 likatupwa kwa kuchelewa, maana sheria inatoa mwaka mmoja tangu siku ambayo ukweli ungeweza kugundulika kwa mtu mwenye bidii, na upande wa mashtaka ulionyesha, na haukukosea, kwamba uliweza kugundulika tarehe 6 Desemba 2012. Yaani uzembe wa wakili ulihesabiwa kuwa uzembe wa mteja. Ragna aliisoma hukumu ile kwa sauti hadi mwisho, kama alivyokuwa akizisoma barua za watoto, kisha akaanza kumwandalia yule wakili kijana maelezo ya rufaa, na tarehe 20 Oktoba 2023 mahakama ya rufaa ikairudisha kesi isikilizwe, na siku imepangwa, tarehe 18 Aprili mwaka huu.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kulalamika maumivu ya mgongo mwanzoni mwa mwaka jana, akasema ni kukaa sana, na mficha maradhi kifo humuumbua, kwani tarehe 22 Agosti 2023 alikutwa na saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea. Alimuuliza daktari lini, kama kawaida yake, na daktari alipomwambia huenda Februari, alihesabu kwa vidole mpaka Aprili, akaona haifiki. Kwa hiyo pande zote mbili zilikubali achukuliwe ushahidi kitandani, na tarehe 16 Januari 2024, saa tano asubuhi, kamera iliwekwa chumbani kwake, mwendesha mashtaka akavua kofia, wakili wa Wendell akakaa upande wa pili, na Solveig akaruhusiwa kukaa karibu ili ashike kikombe cha maji. Aliulizwa kama alikwenda kuangalia ushahidi. Akasema, "Sikwenda." Aliulizwa kama kulikuwa na sababu yoyote ya kisheria. Akasema, "Hakuna." Aliulizwa kama mtu yeyote alimzuia. Hapo aligeuza kichwa, akamtazama aliyeshika kikombe, akamtazama vizuri tu, bila hasira, kisha akairudia kamera akasema, "Hakuna aliyenizuia. Nilitaka kwenda kusukuma mikate."

Alifariki siku ya Jumapili, tarehe 4 Februari 2024, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wauguzi wa nyumbani waliokuja hata siku barabara ilipofungwa na theluji, inamshukuru Mchungaji, inawashukuru wenzake wa kaunti ambao bado wana jukumu la kuwepo tarehe 18 Aprili, na inawashukuru majirani, waliokuja mapema na waliochelewa. Inawashukuru na akina mama wa kanisa kwa chakula kilichoandaliwa hapo chini.

Limebaki moja, ambalo halimo kwenye ile kanda ya ushahidi wa kitandani. Simu ya tarehe 4 Desemba, nimeisoma kama vile haikupigwa na mtu. Nilipiga mimi. Ni mimi niliyesema usije ukiwa umetoka kule, ni mimi niliyesema basi chagua, na mama hakuwa ametoa sharti lolote, mama alimtaka binti yake tu, sharti nililitia mimi, kwa sababu niliona haya mbele ya wanawake wenzangu. Dada yangu alinikinga kwenye birika la kahawa nikiwa sina kosa, akanikinga tena kitandani nikiwa nalo, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe, nikanyamaza. Nitalisema tena mbele ya jaji akitaka kunisikia, na asipotaka nitakuwa nimelisema hapa, kwa kipaza sauti, mlango ukiwa wazi, na Wendell Karvonen amenisikia.

Mikate iliyoko hapo chini niliisukuma jana peke yangu, kwa mti wa bibi. Naomba mtu yeyote asiiguse kwanza. Tukishamaliza makaburini nitavuka barabara na sahani moja, na kama Wendell ataisogeza pembeni nitaelewa, nitasimama pale pale kwenye baridi mpaka aniambie niondoke.

Pumzika, Ragna. Amani tutaifuata mahakamani, tarehe 18 Aprili, saa tatu asubuhi.